Mchoraji gani wa komiki wa zama hizi unamkubali, na mkono wake una nini?

Wino wa Magomeni #1

Wakuu, habari za jioni.

Naomba tuzungumzie wachoraji wa komiki walio kazini sasa, au ambao kazi zao bado mbichi. Siulizi hadithi ipi tamu. Nauliza mkono: mstari wa mtu, kivuli chake, anavyoupanga ukurasa.

Nianze mimi. Namba moja kwangu ni Mike Mignola wa Hellboy. Tangu 1994 huyu bwana anachora kwa kuficha. Nusu ya ukurasa ni weusi mtupu, uso unaonyeshwa pua na ncha ya kidevu, kilichobaki unakijaza mwenyewe, na bado unajua yule mtu kachoka au kakasirika. Wa pili ni Takehiko Inoue kwenye Vagabond. Kaianza 1998 kwa kalamu ya nibu, baadaye akahamia kwenye brashi. Ukisoma juzuu kwa mfuatano unapaona kabisa mahali mstari unapobadilika: unakuwa mnene, unakaukia njiani, unaacha mikwaruzo. Kwa jinsi anavyochora mvua, unajua inakonyeshea wapi, kwenye majani au kwenye udongo.

Sasa dai langu. Dar mikono ipo. Tuna watu wanaokuchorea sura ya waziri kwa mistari michache ukamtambua ukiwa ng'ambo ya barabara. Ila kurasa hatuna. Nitajieni mchoraji wa hapa ambaye leo ana hadithi moja ndefu, kurasa mia na kuendelea, wahusika walewale, mji huuhuu. Kibonzo cha gazeti nakiheshimu sana, lakini ni boksi moja. Kwa nini tumeishia kwenye boksi moja?

Siti ya Dirishani #2

Nimekaa paleee. Wajuvi waje.

Binti Upanga #3

Asante kwa uzi, nilikuwa nausubiri bila kujua.

Wangu ni Fiona Staples, Mkanada anayechora Saga tangu 2012. Anafanya kazi yote kwenye kompyuta, lakini tazama alichochagua: watu wana mstari wa wino, mandhari nyuma yao haina mstari, ni rangi tupu. Jicho lako linamfuata mtu bila kuambiwa. Halafu yale maneno ya msimuliaji kayaandika kwa mkono wake, juu ya picha, bila boksi. Unahisi mtoto anakusimulia huku picha inaendelea.

Kingine, wanawake zake wana matumbo. Mama kajifungua juzi, anaonekana kajifungua juzi. Nimesoma komiki za mashujaa tangu sekondari, na mama mwenye mwili wa mama sikuwahi kumwona humo.

Babu wa Ilala #4

Wino, kijana wangu, swali lako linaanzia katikati ya safari. Kurasa zilikuwepo. Sisi tuliokuwa vijana miaka ya 80 tulikuwa na jarida la Sani. Jina lenyewe ni Saidi na Nicco, yaani Saidi Bawji na Nicco ye Mbajo walioliasisi. Humo ndani walikuwemo wahusika kama Ndumilakuwili, Lodi Lofa, Pimbi, Kipepe, Madenge. Marehemu Philip Ndunguru alikuwa na mkono wa ajabu, na aliondoka kijana mno. Na kabla ya hapo gazeti la Uhuru lilikuwa na Chakubanga wa Christian Gregory, tangu mwishoni mwa miaka ya 60. Watu wazima walifungua gazeti wakaanza na Chakubanga, siasa baadaye.

Lodi Lofa alikuwa mtu wa mji huu. Suruali yake, mwendo wake, namna alivyokuwa akisimama kona akisubiri mtu wa kumpiga mzinga. Ulikuwa ukishuka kwenye basi unamkuta mtaani, hai.

Kwa hiyo usiulize kwa nini hatujaanza. Uliza nani alizima taa.

Wino wa Magomeni #5

Shikamoo Babu. Sani naijua, marehemu baba alikuwa na rundo lake chini ya kitanda. Lakini nimesema leo. Nitajie wa leo.

manga_Temeke #6

Mnanishangaza. Mnataja wachoraji wa komiki wa zama hizi na hakuna aliyemtaja Eiichiro Oda! Jamaa anachora One Piece tangu 1997, kila wiki sura mpya, ukiondoa mapumziko. Fungua ukurasa wake mmoja uhesabu watu waliomo. Kila mtu ana umbo lake: huyu miguu mirefu, yule kifua kama pipa, mwingine kichwa kidogo kuliko ngumi. Ukiwapaka weusi wote wakabaki vivuli, bado unawatambua majina. Huo ndio mtihani wa kwanza wa mchoraji wa wahusika, na Oda anaufaulu kwa mamia ya watu.

Wa pili Tatsuki Fujimoto wa Chainsaw Man. Mstari wake unaonekana wa haraka, mchafumchafu, watu wanasema hajui kuchora. Anajua sana. Anarudia fremu ileile mara tatu nne, kinachobadilika ni jicho tu. Unakaa unangoja, moyo unaenda mbio, hakuna kilichotokea bado.

Wa tatu Junji Ito. Kabla ya kuchora alikuwa fundi wa meno bandia, na ukitazama anavyochora ngozi, nywele, kitu kinachojikunja, unaiona subira ya mtu aliyezoea kazi ya milimita.

Hellboy nzuri. Lakini mkono wa dunia kwa sasa uko Japani.

Fundi Bango #7

Mimi nachora mabango ya maduka, saluni, vioo vya daladala, zamani sana hadi leo. Sijui majina mengi ya nje kama nyinyi, ila nasoma komiki zozote zinazonifikia, na kipimo changu ni kimoja: mikono na miguu. Mchoraji dhaifu anaficha. Mkono unaingia mfukoni, miguu inaishia kwenye majani au kwenye vumbi.

Chukua konda wa daladala ya Mbagala. Kaning'inia mlangoni. Mkono wa kushoto umeshika bomba la juu, vidole vinne vimezunguka, kidole gumba kimebana upande wa pili, kifundo kimepinda kwa sababu uzito wote uko hapo. Mkono wa kulia una noti zilizokunjwa kwa urefu, kila moja kati ya vidole viwili, sarafu anazigonganisha kiganjani. Mguu mmoja ngazini, kisigino kiko hewani, ndala imebaki kwenye vidole. Mchoree mtu huyo nimwone haanguki. Ukiweza hapo, mimi nakukubali hata ukichora kwa mkaa.

Nilionyeshwa video za yule Mkorea, Kim Jung Gi, Mungu amrehemu. Anasimama mbele ya karatasi ya ukubwa wa ukuta, hana penseli, hana mchoro wa awali, anaanza na jicho la farasi na kumalizia na umati mzima. Kila mkono wa kila mtu umeshika kitu na umekishika kweli. Alifariki 2022 akiwa na miaka 47. Niliumia sana, ingawa sikuwahi kumwona.

Siti ya Dirishani #8

#7 hii posti ichapishwe ibandikwe pale Nafasi, kituo cha sanaa cha Mikocheni.

Mtaa wa Congo #9

Gado. Hakuna mjadala. Najua Wino kasema boksi moja halihesabiki, lakini mkono ni mkono. Alipowachora Uhuru na Ruto na mnyororo mguuni ukivuta tufe la chuma, kipindi cha kesi za The Hague, ule mnyororo uliendelea katuni baada ya katuni. Hiyo tayari ni hadithi ndefu, imekatwakatwa tu. Wakenya wana bahati.

Mkalimani #10

Mtaa wa Congo, Gado ni wa hapahapa. Godfrey Mwampembwa, kazaliwa Dar es Salaam 1969, kaanzia kwenye magazeti ya hapa, kaenda Nation ya Nairobi 1992. Wakenya walimpa ukurasa na mshahara, mkono aliondoka nao huku.

Na hilo ndilo jibu la swali la mleta mada kwa mtazamo wangu. Mchoraji huenda kwenye meza inayolipa. Gazeti linalipa kwa katuni iliyotoka leo. Komiki ya kurasa mia inakutaka ukae mwaka mzima ukichora bila senti, halafu ndipo utafute wa kuinunua. Nani mwenye kodi ya nyumba anaweza?

Mtaa wa Congo #11

Basi ni wetu, raha zaidi. Na tukienda kwa utaratibu huo, Kipanya wa Masoud naye awekwe. Mara nyingi maneno machache, kuna siku hakuna kabisa, na kale kapanya kako pembeni kanakuonyesha pa kutazama. Na Kijasti wa Nathan Mpangala. Hawa watu wamebeba mhusika mmoja kwa miaka mingi. Mhusika anayedumu hivyo si boksi moja.

Wino wa Magomeni #12

Mhusika kudumu na hadithi kwenda mbele ni vitu viwili. Kipanya wa leo na wa miaka kumi nyuma hawajazeeka, hawajafiwa, hawajahama nyumba. Nampenda, ila simfuatilii nijue kesho itamkuta nini.

Binti Upanga #13

Kuna mfano wa karibu na sisi kuliko Japani: Aya de Yopougon ya Marguerite Abouet. Abidjan, mwishoni mwa miaka ya 70, wasichana watatu, mtaa, disko, ujauzito, baba wenye siri. Hakuna shujaa, hakuna vita. Nilianza kuisoma kwa kudokoa pale maktaba ya Alliance Française, Kifaransa changu cha kuokoteza, na picha zikanibeba. Jioni za Yopougon amezipaka machungwa na zambarau, unasikia joto likipungua. Mwanamke anajua kuchora jioni.

Mkalimani #14

Abouet ndiye mtunzi. Aliyechora ni Clément Oubrerie, Mfaransa. Juzuu la kwanza lilitoka 2005 na likapata tuzo kwenye tamasha la komiki la Angoulême, Ufaransa, mwaka uliofuata.

Binti Upanga #15

Sawa, na hapo hoja yangu inapata nguvu. Abouet kazaliwa Abidjan, anaujua mtaa mpaka harufu. Oubrerie ana mkono. Wamekaa meza moja. Hapa kwetu kila mchoraji anataka atunge, achore, apake rangi, aandike maneno, apeleke kiwandani, auze. Tatizo letu ni watunzi hawajui kwamba kuna mchoraji jirani. Mbona tamthilia za redio zinatungwa vizuri? Mbona riwaya za magazetini zilikuwa na watu wanaokesha wakisubiri toleo? Waandishi wapo, hawajakutanishwa na wachoraji.

Pleti Nne #16

Mniruhusu na mimi mtu wa uchapaji, niko Kariakoo upande wa Gerezani. Mnazunguka sana, jibu liko kwenye mashine.

Komiki ya rangi inataka pleti nne (bamba za kuchapia, moja kwa kila rangi) kwa kila upande wa karatasi kubwa: samawati, waridi, njano, nyeusi. Gharama ya kutengeneza pleti ni ileile uchape nakala mia mbili au elfu tano. Kijana anakuja na kazi nzuri, kurasa 32 za rangi, anataka nakala mia mbili. Nikimpigia hesabu, nakala moja inatoka bei ambayo hakuna mtu kituo cha daladala atatoa. Nikimwambia achape elfu tano ndiyo bei ishuke, hana mtaji, na hana pa kuziweka. Anaondoka. Wengine huwa hawarudi tena, na kazi zao zilikuwa nzuri kweli.

Na kurasa ziende kwa nne nne, bora zaidi kumi na sita. Kuna mmoja alileta kurasa 37. Nilimwomba apunguze moja na kuongeza jalada la ndani, akaona naingilia sanaa yake.

manga_Temeke #17

#16 umejibu wewe mwenyewe. Ndiyo maana manga, komiki za Kijapani, ni nyeusi na nyeupe! Pleti moja, karatasi ya bei chee. Rangi za nini? Inoue na Ito hawana rangi na ndio hao mnawasifu.

Pleti Nne #18

Kweli, gharama inashuka sana. Lakini wateja wangu wakiambiwa nyeusi na nyeupe wanasema itaonekana ya kimaskini. Wanataka ing'ae.

Babu wa Ilala #19

Sani ilikuwa na ndani nyeusi na nyeupe, na tuliigombania. Aliyewaambia watoto kwamba rangi ndiyo thamani aliwapotosha. Katuni nyeusi na nyeupe inamfichua mchoraji. Hana pa kukimbilia.

Mtu wa Kigoma #20

Naona hajatajwa Barly Baruti wa Kongo. Naomba niwe wa kwanza.

2014 alitoa Madame Livingstone, aliyoichora na kuipaka rangi, utunzi akishirikiana na Christophe Cassiau-Haurie. Ni Vita Kuu ya Kwanza, Ziwa Tanganyika. Afisa wa Kibelgiji anatafuta ilipo meli ya Wajerumani, Graf von Götzen, na anayemwongoza ni mtu chotara anayevaa sketi ya Kiskoti na kusema ni mtoto wa Livingstone. Sasa meli hiyo sisi tunaijua kwa jina jingine. Wajerumani waliizamisha wenyewe 1916, ikaja kuibuliwa, na 1927 Waingereza wakaiita Liemba. MV Liemba! Babu zangu wameipanda kwenda Kasanga.

Nilipoona maji ya ziwa letu kwenye ule ukurasa nilinyamaza. Baruti haogopi rangi, ziwa lake si buluu tu. Asubuhi lina kijivu cha fedha, kuna kijani karibu na mawe, na vilima vya upande wa pili vimefifia inavyotakiwa, kwa sababu ndivyo unavyoviona ukisimama Ujiji. Na nyuso za watu weusi anazipaka kwa rangi nyingi, kuna nyekundu ndani, kuna zambarau kwenye kivuli. Wachoraji wengi wa nje wakifika kwenye ngozi yetu wanachukua kahawia moja wanapaka wote.

Hadithi ya meli yetu, kwenye ziwa letu, na imechorwa na jirani kwa Kifaransa. Hapo ndipo roho inaponiuma.

Mtaa wa Congo #21

Jamaa wa Kinshasa hao wako mbali sana kwenye komiki.

Mtu wa Kigoma #22

Baruti ni wa Kisangani, upande wa Waswahili. Ila ni kweli Kongo kuna wengi. Pat Masioni alichora Rwanda 1994, na baadaye sehemu ya Unknown Soldier, komiki ya Kimarekani ya Vertigo, ile inayotokea Uganda. Kinshasa kwenyewe kulikuwa na Papa Mfumu'Eto, vijarida vyake vya Kilingala miaka ya 90 vikiuzwa mtaani, karatasi duni, na watu wakavisoma hadi vikachanika. Pleti Nne, huyo alikuwa na mtaji gani?

Pleti Nne #23

Nakubali alikuwepo. Ila mji mmoja wenye mtu mmoja wa namna hiyo haufuti bei ya karatasi.

Kimya Kingi #24

Mnazungumzia pesa na mashine, na kitu kingine mnakiruka. Januari 2015 The EastAfrican lilisimamishwa kuingia nchini, sababu rasmi ikiwa usajili, na watu wengi waliihusisha na katuni ya Gado iliyomchora rais wa wakati huo. Mwaka huohuo ikaja sheria ya makosa ya mtandao, 2016 sheria ya huduma za habari, 2018 kanuni za maudhui mtandaoni na leseni zake. Mchoraji anajiuliza: nikichora hadithi ndefu ya mji huu, askari atakuwemo, mwenyekiti wa mtaa atakuwemo, hospitali itakuwemo. Nani ataiona vipi? Ukichora boksi moja, kesho limesahaulika. Kitabu kinabaki.

Mkalimani #25

Hoja nzito, ila Aya haina siasa ya moja kwa moja na imejaa mji. Mapenzi, ada ya shule, shangazi aliyekuja kusalimia akakaa miezi. Hakuna kanuni inayokataza shangazi.

Kimya Kingi #26

Mkalimani, hofu haisomi kanuni. Inakaa mkononi kabla kalamu haijagusa karatasi.

Mama Nasra #27

Salaam wote. Mimi ni msomaji tu, nina watoto watatu wanaochora kila penye nafasi, hadi nyuma ya risiti za Luku.

Wanangu walianza na Shujaaz, ile komiki ya bure. Ilianzia Kenya 2010 na DJ Boyie, ya kwetu ikawa na DJ Tee. Sasa nimewasikia watu wakisema ile ni ya miradi, ya kufundisha kilimo na afya. Mimi nimeiona kazi yake. Binti yangu wa kati alijifunza humo kwamba mtu anayezungumza kwanza awekwe kushoto, asipowekwa msomaji anachanganyikiwa. Hakuna aliyemfundisha. Alinakili kurasa akagundua.

Sasa yuko kwenye simu. Anachora kwa kidole kwenye programu ya ibisPaint, skrini imepasuka pembeni, na anachora ndefu ya kushuka chini kama zile za Kikorea za Webtoon. Anaziweka kwenye statasi, wenzake wanazisubiri. Zimeshafika nyingi tu, wahusika walewale, shule yao na mtaa wetu. Wino, wewe unatafuta kurasa mia kwenye karatasi. Za binti yangu hazina kurasa.

Wino wa Magomeni #28

Mama Nasra, hii imenigusa. Lakini statasi inafutika baada ya saa 24! Mwambie ahifadhi kila kitu, tafadhali, hata kwenye kadi ndogo ya kumbukumbu.

Ila nibishane kidogo kuhusu ule mshuko. Ukurasa wa kitabu unauona wote kwa pamoja kabla hujasoma fremu ya kwanza. Mignola anautumia huo mtazamo: doa jekundu moja kwenye ukurasa wote wa kijivu, unaliona kabla hujalifikia, na unasoma ukiliogopa. Kwenye simu kidole kinashuka, huoni kinachokuja. Unapata mshtuko, unakosa hofu.

manga_Temeke #29

Unakosa hofu? Soma Webtoon ya kutisha usiku, fremu ndefu nyeusi unashuka tu hujui inaishia wapi. Hofu ipo, imebadilisha mlango.

Fundi Bango #30

Mama Nasra, kidole ni kinene, mwambie atafute hata kalamu ya kugusia skrini. Za bei ya chini zipo pale Kariakoo, ncha ya mpira. Si nzuri sana, lakini ataanza kuona mstari anaouchora badala ya kuufunika.

Na kuhusu kufanya kazi peke yako, ile hoja ya #15. Nijuavyo mangaka, wachoraji wa manga, hawachori peke yao. Kuna wasaidizi: huyu majengo, huyu kupaka weusi, huyu kunyoosha mistari ya fremu. Ndivyo wanavyotoa kurasa kumi na kitu kila wiki. Sasa mji huu ndio wenye Tingatinga! Mzee Edward Saidi Tingatinga aliwafundisha ndugu na vijana wake pale Oysterbay, na alipofariki 1972 wao wakaendelea, wakafanya umoja, watu wanachora pamoja mpaka leo. Karakana tunaijua. Mbona kwenye komiki kila mtu kajifungia chumbani?

Binti Upanga #31

Fundi hiyo ni kali. Ila kule Tingatinga mtalii anainunua picha siku hiyohiyo na wasaidizi wanakula. Tunarudi kwa Pleti Nne na Mkalimani.

Mtaa wa Congo #32

Na mashujaa je? Afrika Kusini Loyiso Mkize ana Kwezi tangu 2014, kijana wa mjini mwenye nguvu na mdomo mrefu. Kifua, mwanga, magorofa, kila kitu kinang'aa. Nadhani Dar ikipata shujaa wake wa kuruka juu ya daraja la Tanzanite, mauzo yatakuja.

Babu wa Ilala #33

Shujaa wa kuruka kwenye mji ambao kila mtu yuko foleni. Mwacheni atembee kwa miguu kama Lodi Lofa, ndipo atakapokutana na watu.

manga_Temeke #34

Haya, maneno yamekuwa mengi. Nimeweka ukurasa wangu hapo chini, nimeumaliza wiki hii. Kalamu ya kawaida ya wino na tipeksi, karatasi ya A4. Konda na abiria wanagombania chenji, Rangi Tatu. Chambueni bila huruma.

Fundi Bango #35

Kwanza hongera, umekichora kisigino na hukukificha. Fremu ya pili: vidole vya konda viko vitano upande mmoja wa bomba. Gumba lirudi upande wa pili. Kwa sasa amelipapasa bomba tu, hajalishika, gari likifunga breki anaenda. Noti umezipata, tena vizuri sana. Yule mama mwenye ndoo miguuni, bega lake la kulia lishuke kidogo, ndoo inamvuta.

Pleti Nne #36

Weusi wako umejaa vizuri, utachapika. Vile vimistari vyembamba vya kwenye shati viongeze unene, kwenye karatasi ya gazeti vitapotea vyote. Na acha pembe za ukurasa wazi, kisu kinakula pale.

Binti Upanga #37

Nimeupenda uso wa abiria kwenye fremu ya nne, hasemi kitu na hasira yote iko kwenye taya. Swali: mbona unasomeka kutoka kulia kwenda kushoto? Nimesoma jibu kabla ya swali. Kiswahili ndani ya fremu kinaenda kulia, fremu zenyewe zinaenda kushoto, jicho linagongana kila mstari. Wajapani maandishi yao yanashuka na kuelekea kushoto, kwao inakubaliana. Geuza.

manga_Temeke #38

Siwezi kugeuza. Daladala zetu mlango uko kushoto, nikiupindua ukurasa mlango unahamia kulia na konda anashukia katikati ya barabara.

Binti Upanga #39

Sijasema uupindue kwa kioo. Upange upya, uchore tena.

manga_Temeke #40

Huo ukurasa nimeulalia usiku kadhaa, na wasomaji wangu wote wamezoea kulia kwenda kushoto. Darasa zima linasoma hivyo. Nabaki nao.

Mama Nasra #41

Nimemwonyesha binti yangu. Kasema kijana asigeuze wala asichore upya, azikate fremu azipange moja chini ya nyingine, ugomvi umeisha.

Wino wa Magomeni #42

Akizikata ile fremu ya nne inapoteza ukimya wake, kwa sababu nguvu yake ni kwamba iko pembeni ya fremu ya kelele. manga_Temeke, weka ukurasa wa pili tuone abiria anashuka au hashuki.